Mkono Juu Ahamia Sauti ya Nne

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuongoza uimbaji katika kanisa letu, mwalimu wetu wa kwaya anastaafu. Cheo chake rasmi ni mkurugenzi wa muziki, ila hajawahi kukitumia. Mgeni akija kumuulizia mkurugenzi, yeye humwelekeza ofisini kwangu, nami ni karani tu wa kupokea simu na kuchapa matangazo. Sisi wengine tunamwita Mkono Juu, na kwa kuwa mwenyewe huitika, nitamwita hivyo hivyo.

Alikuja kwetu akiwa fundi wa vinanda. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekwama, akaitwa, akakifungua, akakifunga kikiwa kizima. Mchungaji wa wakati huo akamwomba abaki jioni akijaribu kinanda pamoja na kwaya, na jioni hiyo ndiyo inayokwisha mwezi huu. Kwaya aliyoikuta ilikuwa na watu wengi na sauti chache. Sauti ya nne walikuwa wanaume watatu, mmoja wao akija kumsubiri mkewe tu.

Jina la Mkono Juu limetokana na sheria yake moja ya mazoezi. Anayekosea huinua mkono kidogo, anaushusha, na wimbo unaendelea. Hakuna kusimama, hakuna kuulizana nani kaharibu, hakuna kukatana jicho. Mwanzoni tuliona ni mambo ya chekechea. Lakini aliyeongoza kwa kuinua mkono alikuwa mwalimu mwenyewe, mara ameanza wimbo juu mno, mara amefunua kurasa mbili kwa pamoja. Mkewe, ambaye huimba nasi sauti ya pili na hana simile, husema kwamba nyumbani mkono huo huwa mzito kidogo, hasa zikija habari za bomba analosema atalitengeneza kesho. Desturi hiyo ilihamia hadi ofisini. Siku hizi mhasibu wetu akikosea kwenye kikao huinua mkono, anaushusha, tunaendelea. Vikao vimekuwa vifupi, Mungu ambariki.

Kwenye ibada huwezi kumwona kwa urahisi. Huweka kinanda nyuma ya nguzo, na wako washarika wa siku nyingi wasioijua sura yake. Nyimbo huzianza chini kidogo ili wazee wazifikie. Kwenye ubeti wa mwisho huacha kupiga kabisa, watu wajisikie wenyewe wakiimba. Kwaya tukijisifu kwamba leo tumetisha, yeye huuliza kama waliokaa mabenchini waliimba. Kama hawakuimba, kwake hakuna kilichofanyika.

Nimepewa ruhusa na mhusika kuandika habari ifuatayo. Tunaye binti mwimbaji wa sauti ya kwanza tunayemwita Kengele, maana akiimba anasikika mpaka getini. Zamani Kengele alikataa katakata kuinua mkono. Alisema yeye hakosei, wenzake ndio wanaochelewa. Mkono Juu hakubishana naye. Ikafika Pasaka, kanisa limejaa hadi barazani, na katikati ya wimbo mkubwa, mahali ambapo kwaya nzima hutakiwa kunyamaza, Kengele akaingia peke yake kwa sauti yake yote. Watu wakageuka. Mkono Juu akasimamisha wimbo, akatoka nyuma ya nguzo, akainua mkono mbele ya kanisa zima na kusema kwamba amemwashiria vibaya, wamwie radhi, tuanze upya. Kwaya yote tulijua hakuashiria chochote. Wakati ule mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kinanda.

Kengele aliondoka kwa mlango wa pembeni na hakuja mazoezini kwa majuma kadhaa. Anasema alikasirika sana, na kwamba afadhali angegombezwa. Aliporudi alikaa mwisho wa safu, na kwenye kosa lake la kwanza mkono ukapanda. Wimbo ukaendelea, sheria ni sheria.

Sasa, Mkono Juu alipoulizwa nani ashike nafasi yake, alimtaja Kengele. Baraza la kanisa liliguna. Mama mmoja alisema wazi kwamba ibada itageuka onyesho la mtu mmoja, na kwamba afadhali mwalimu aongezewe muda. Mkono Juu akaomba binti huyo apewe Jumapili moja tu ya majaribio. Juma lile lote hakuwa na raha. Aliniambia kwamba kama kwaya haiwezi kuimba bila yeye, basi miaka yote hii alikuwa akijijengea jina, na hilo ndilo aliloliogopa tangu siku ya kwanza.

Ilikuwa Jumapili iliyopita. Mkono Juu alikaa safu ya nyuma, sauti ya nne, kitabu mkononi. Kengele akakaa kwenye kinanda na, kwa woga, akaanza wimbo juu mno. Mstari wa pili wazee wakawa wanakwaruza, mabenchi yakaanza kunyamaza moja baada ya jingine, na wajumbe wa baraza wakatazamana. Kengele akasimamisha wimbo. Akatoka nyuma ya nguzo, akageukia kanisa, akainua mkono. "Nimeanza juu, jamani, nisameheni. Tushuke kidogo."

Tukashuka, na kanisa likaimba. Kwenye ubeti wa mwisho alinyamazisha kinanda, akanyamaza na yeye, akawaacha watu. Hapo niligeuka nyuma. Mkono Juu alikuwa amechelewa kuingia kwa sababu alikuwa akifuta machozi. Akainua mkono wake kidogo, akaushusha, akaendelea kuimba. Mbele hakuna aliyemtazama, kila mtu alikuwa anaimba.

Baraza lilikubali mchana ule ule.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kumwimbia Mungu bila kuangalia nani anatutazama. Asante pia kwa mama watoto, aliyekuazima kwetu jioni nyingi, na tunaomba sasa lile bomba litengenezwe. Tunakuombea afya, mapumziko na maisha mema. Mazoezi ni Alhamisi kama kawaida, na kiti chako kiko safu ya nyuma. Ukichelewa, unajua la kufanya.