Mama Makochi na Damu Aliyoikataa

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Makochi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga, akasoma hadi darasa la saba, kisha akajifunza kuvisha makochi vitambaa, kazi aliyoifanya maisha yake yote katika chumba cha mbele cha nyumba yake, misumari midogo ikiwa mdomoni na maneno yakipita pembeni, maana kunyamaza hakukuwa fani yake.

Tarehe 14 Juni 1995 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaaliwa binti na mtoto wa kiume. Alipojifungua huyu wa pili, mwaka 2001, alipoteza damu nyingi, akaongezewa, ikamletea homa na kutetemeka hata kitanda kikawa kinagonga ukuta, na tangu hapo akaapa, "Damu ya mtu haiingii tena mwilini mwangu." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Septemba mwaka jana vidonda vya tumbo vilianza kumvujisha damu ndani kwa ndani, daktari akashauri aongezewe, akakataa katakata. Muuguzi akaketi naye, akamweleza kwamba siku hizi damu huchujwa kabla ya kuhifadhiwa, na kuondolewa chembe nyeupe za aliyeitoa, ambazo mara nyingi ndizo zinazoleta ile homa. Dada akamjibu, "Mwanangu, chai nachuja mwenyewe, hiyo yenu nani kaniita nione ikichujwa?" Tukacheka sote, na hapo ndipo tulipokosea, kwani tulidhani ipo siku nyingine ya kumbembeleza.

Alikubali tarehe 3 Februari mwaka huu, binti yake alipopiga magoti kando ya kitanda akilia. Shemeji alimshika mkono akingoja mtetemeko, nao haukuja, na dada akauliza, "Kumbe ndiyo hii tu?" Lakini moyo ulikuwa umeshachoka kwa miezi ya upungufu wa damu, akafariki tarehe 5 asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi yule mvumilivu, majirani, mafundi wenzake, na mtu tusiyemjua aliyemtolea damu.

Laiti tungalikubembeleza mapema, dada. Upumzike kwa amani.