Jina Mtakalowatajia Wahesabu Watu

Njooni karibu na kitanda, Bisun, nawe Halku, na mke wa Bisun aache vyungu vyake aje asikie, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kuimaliza kwa kupaza sauti. Nisikilizeni, wanangu, wala msinikatize.

Mashamba niliyagawa baba yenu alipofariki, na nyati wa maziwa ni wa Halku kwa sababu ndiye anayemkama. Bangili zangu za fedha ni za mjukuu wangu Sarita, binti yako Bisun, atakapokuja kujifungua mtoto wake wa kwanza hapa kwao, kama desturi yetu ilivyo. Kuja kwake ndiko kulikonifanya niwaite.

Mlikuwa wadogo dada yenu Phulwa alipoolewa. Msafara wa bwana harusi ulipofika, baba yenu alimvika shada la maua kaka yangu kwanza, ndipo akamgeukia mdogo wake wa damu, Lakhan. Shada tu, wanangu. Lakhan akalivua, akalitundika kwenye pembe ya ng'ombe, akasema, "Basi huyo shemeji yako ndiye awe ndugu yako. Mimi nina kwangu." Akahama na nusu ya nyumba za kijiji hiki chetu cha Semarkhoh, akajenga ng'ambo ya kijito, na mahali hapo akapaita Lakhanpura, kwa jina lake mwenyewe, mtu asiye na haya. Wahesabu watu wa serikali walipokuja akawaambia, "Sisi ni kijiji kingine," na baba yenu akaitikia, "Kweli, hao hatuwajui." Lami hupelekwa kwenye kijiji chenye watu wa kutosha, nasi tangu siku ile hatutoshi, wala wao hawatoshi, na basi linaishia njia panda.

Phulwa alikuja kujifungua wakati wa mvua. Mlikwisha kuwa vijana, mkambeba kwenye kitanda hikihiki cha kamba, akakata roho mkivuka kijito. Basi lilipiga honi kule juu, likaenda zake. Nililia mpaka machozi yakakauka, na sasa naweza kulisimulia kama jambo la nyumba nyingine.

Halku, usiinamishe kichwa. Yule baba wa msichana tuliyekuposea alikupenda, ila alipoambiwa avue viatu avuke tope akauliza, "Binti yangu nampeleka kwa mume au kwa vyura?" Wenzako wamehamia mjini, na kila tukihesabiwa tunapungua.

Wahesabu watarudi haradali ikishavunwa. Nilimtumia Lakhan ujumbe tuandikwe pamoja, akajibu kwamba yeye haandikwi Semarkhoh hata akifa. Basi jina letu liende. Wakiwauliza mnatoka wapi, nyote, hata watoto, semeni Lakhanpura. Bisun, usinitazame hivyo. Baba yenu tulishamchoma, majivu yake yalikwenda na mto, hasikii.

Barabara haitamuwahi Sarita. Yeye mpelekeni mjini mapema, kabla ya mvua, akajifungulie huko, na desturi ikinung'unika iacheni inung'unike. Barabara ni ya watakaomfuata.

Nipe maji kidogo, mke wa Bisun. Inatosha.

Nikifa, machela yangu ya mianzi yabebwe na mabega mawili ya kwetu na mawili ya ng'ambo. Lakhan akikataa, niwekeni mlangoni pake, msiwashe moto wa kunichoma. Nyumba yenye maiti mlangoni haipiki, na yule tumbo lake nalijua, atatoa bega.

Mungu awape wake wenye sauti, na watoto wengi... wa kuichimbua hiyo lami kwa miguu yao. Msigombane juu ya nyati. Sogea, Bisun, sikuoni vizuri. Mimi ndiye mhesabu watu, nimekuja na kalamu yangu... nakuuliza, bwana, unatoka kijiji gani?

Sikusikia.

Sema tena, mwanangu... baba yako mdogo asikie huko ng'ambo.