Namba Kumi na Saba

Binti: Haloo? Nani mwenzangu?

Shangazi: Mwenzako! Dada wa baba yako ndiye wa kumwita mwenzako?

Binti: Ah! Shikamoo shangazi. Namba ngeni hii.

Shangazi: Marahaba. Ni simu ya dereva, maana yangu siku hizi huioni. Bado umejikunja kitandani, sivyo? Saa mbili inakaribia hii!

Binti: Nimeamka, shanga—

Shangazi: Macho ndiyo yameamka. Miaka mitatu umemaliza shule, kazi huna, chuo huna, mnapokezana mkeka na paka. Na kaka yangu maskini anashona viatu vya watu mpaka mgongo umepinda kama ndoana.

Binti: Paka alishakufa, shangazi.

Shangazi: Aliiga uvivu wenu.

Binti: Bosi Mdogo hajambo?

Shangazi: Mwanangu? Hajambo. Yupo chumbani. Anajitafuta.

Binti: Tangu mwaka juzi hajajiona? Na chumba chenyewe si kikubwa.

Shangazi: Wee! Usijilinganishe naye. Yule ana mawazo mengi. Anajipanga.

Binti: Kumbe. Mimi nikilala nimelala, yeye akilala anajipanga.

Shangazi: Tuyaache hayo. Nina jambo, na muda hakuna. Si unaijua ile karakana wanakofundisha ufundi wa friji, alikoandikishwa mwenzako?

Binti: Naijua. Niliomba mimi kabla yake.

Shangazi: Ndiyo, ndiyo, ukakosa—

Binti: Nikakosa mdhamini. Walitaka barua ya mtu mwenye ofisi na muhuri. Nikaja kwenu, mzee wako akasema msichana na friji wapi na wapi, labda kuipangusa vumbi.

Shangazi: Alikuwa anatania.

Binti: Kisha muhuri akaugonga kwenye barua ya Bosi Mdogo.

Shangazi: Mtoto si wake? Ulitaka augonge kwenye ya jirani? Sasa sik— (mkwaruzo) —tatu! Umesikia?

Binti: Unakatika.

Shangazi: Nasema ana siku mbili hajaenda! Ovaroli inamwasha shingoni. Na sheria yao, ukikosa siku tatu mfululizo unafutwa. Leo ndiyo ya tatu. Wanaanza kuita saa mbili kamili.

Binti: Mwamshe.

Shangazi: Nimegonga mlango mpaka kiganja kimevimba. Anasema nisimpigie kelele, akili yake bado haijafika.

Binti: Iko njiani?

Shangazi: Usinicheke! Baba yake akisikia kafutwa, nyumba haitakalika. Nenda ukamwitikie. Wanaita namba tu, hawaangalii sura. Yeye ni kumi na saba. Ikitajwa unasema "nipo", yameisha. Na kesho hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka atakapokuwa tayari.

Binti: Nijifunze mimi, cheti apewe yeye?

Shangazi: Cheti wewe cha nini? Mtu huna kazi, unashindwa nini kukaa kwenye benchi? Hebu toka, chukua pikipiki—

Binti: Pikipiki haina haja. Niko hapa hapa karakanani, kwenye mstari.

Shangazi: Mungu mkubwa! Damu nzito kuliko maji! Nani kakwambia uwahi?

Binti: Hakuna. Nina wiki tatu nakuja kila asubuhi. Nafagia, nabeba mitungi ya gesi, nachungulia wenzangu wanavyofungua mashine. Fundi mkuu kaniandika wa akiba.

Shangazi: Wa akiba ndiyo nini?

Binti: Mtu akifutwa, mimi naingia. Bila barua ya mtu.

Shangazi: Mtu gani afutwe?

Binti: Wengine wote huja, shangazi.

(Mkwaruzo.)

Shangazi: Mwanangu, nimekubeba mgongoni wewe.

Binti: Najua, shangazi. Sijasahau.

Shangazi: Na kile kibaraza anaposhonea baba yako, nani kamwombea? Mume wangu akifungua mdomo tu, kesho kaka yangu hana pa kuweka sindano.

Binti: Nilimuuliza baba jana.

Shangazi: Ulimuuliza nini?

Binti: Hilo hilo. Akasema viatu vinachanika kila mtaa.

Shangazi: Jeuri! Hamna kitu ndani, mmerithishana jeuri tu—

Binti: Ngoja. Fundi kafungua daftari.

Shangazi: Basi, basi, nisamehe, hasira tu. Mwitikie leo, leo moja! Kesho nitamleta mwenyewe, hata kwa kumburuta—

Sauti ya fundi, kwa mbali: Kumi na sita!

Sauti nyingine: Nipo!

Sauti ya fundi: Kumi na saba!

Shangazi: Ndiyo hiyo! Itika!

Binti: (kimya)

Shangazi: We mtoto, umeziba masikio? Itika!

Sauti ya fundi: Kumi na saba, mara ya pili!

Shangazi: Niweke kwenye spika, nitaitika mwenyewe! Nipo! NIPO!

Binti: Hawakusikii, shangazi. Unanitoboa sikio tu.

Sauti ya fundi: Futa huyo. Wa akiba, wa kwanza!

Shangazi: Usithubutu! Nakwambia usithu—

Binti: Nipo!

Shangazi: Haloo? Haloo!

Binti: Naingia, shangazi. Simu ndani haziruhusiwi. Mwambie Bosi Mdogo ajigeuze upande wa pili, asije akachoka kujipan—

(Simu inakatika.)