Afande Sauti Moja, Aliyewafundisha Askari Kunyamaza

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, pamoja na maafande mliokuja kwa wingi mpaka wenyeji tumekosa pa kukaa, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama alivyoyaacha, kwa sababu karatasi hii aliipitia mwenyewe kitandani, akafuta sifa nyingi tulizomwandikia, akaipigia mstari aya moja na kuagiza isirukwe hata kama msomaji ataona haya. Mnamjua dada yetu akitoa agizo, hata leo sithubutu kulipuuza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa baba fundi saa na mama mpishi wa shule, na alitanguliza miguu, jambo ambalo mama alilikumbusha kila dada alipokataa kusikia la mkubwa. Utotoni alikuwa na mdomo usiojua likizo, kiasi kwamba baba alikuwa akimkalisha kibandani kwake, anamwekea saa ya mteja mbele, na kumpima ataweza kunyamaza kwa muda gani, na kwa kumbukumbu za familia hakuwahi kuvuka dakika nne.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, na ya sekondari kuanzia 1979 hadi 1982, ambako aliongoza midahalo kwa miaka miwili mfululizo, si kwa kuwa hoja zake zilikuwa nzito kuliko za wenzake, bali kwa kuwa wenzake hawakupata nafasi ya kuzitoa za kwao.

Tarehe 3 Januari 1984 alijiunga na polisi akiwa kuruta, akahitimu mwezi wa Septemba mwaka huohuo, akapangiwa kituo kilichokuwa nyuma ya soko kuu, jengo la vyumba vitano lenye kaunta ya mbao iliyolainishwa na viwiko vya wenye shida, na hapo sauti yake ikapata kazi, maana ilisikika kuanzia kaunta mpaka mahabusu bila kipaza sauti, na wakubwa wake wakaandika kwenye faili kwamba ni askari mwenye amri.

Sasa nimefika kwenye aya iliyopigiwa mstari. Siku ya Jumanne, tarehe 17 Oktoba 1989, saa tatu asubuhi, watu wa mtaa wa mafundi walikuja kituoni kueleza kwamba fundi cherehani mmoja, mtu mpole wa miaka thelathini na mmoja, hajalala kwa siku nne, anajibizana na watu wasioonekana, na amejifungia dukani mwake akiwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Walitumwa askari watatu, dada yetu akiwa mmoja wao, wakavunja mlango, na wote watatu wakapaza sauti kwa pamoja, mmoja akisema lala chini, mwingine akisema tupa mkasi, na dada yetu, ambaye hakuna aliyemfikia kwa sauti, akisema mikono juu. Fundi aliitii sauti kubwa, akainua mikono yote miwili, na mkasi ukiwa mkononi bado, kwa kuwa yule aliyemwambia autupe hakumsikia, na dada yetu alipouona mkasi umepanda juu ya kichwa cha mtu alidhani anashambuliwa, akampiga rungu kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, kiwiko kikavunjika, na mpaka leo hakijaunga sawasawa. Taarifa iliandikwa kwamba mtuhumiwa alikaidi amri, na dada yetu akaitia sahihi.

Sahihi hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi kuliko hata rungu lenyewe. Mwezi wa Januari 1990 alikwenda nyumbani kwa fundi kuomba radhi, akakosea tena, maana alikwenda na sare, na fundi alipoiona kupitia dirisha alitokea mlango wa nyuma na hakuonekana hadi jioni. Alirudi wiki iliyofuata akiwa na gauni la nyumbani na ndara miguuni, mke wa fundi akampa kigoda, na fundi akatoka, akasimama mbali kidogo, mkono ukiwa umejipinda kifuani, akamwambia, "Afande, uliniambia niinue mikono, nikainua. Nilipigwa kwa kutii." Dada yetu aliomba asamehewe, na fundi aliokota kitambaa cha kazi kilichokuwa karibu yake, akaingia ndani.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kulirudia, na kuanzia siku ile dada yetu alilivalia njuga jambo moja tu, kwamba asije mgonjwa mwingine akavunjwa mkono kwa kutii. Likizo zake za mwaka 1996 na 1997 alizimalizia kwenye wodi za wagonjwa wa akili, akiketi na wauguzi, akiangalia wanavyomsogelea mtu aliyechafukwa, wanavyosimama ubavuni badala ya mbele, wanavyomwachia mlango auone, na zaidi ya yote wanavyompa muda. Kituoni walimcheka, wakasema amekwenda kusomea kubembeleza vichaa, na yeye akawajibu kwamba neno hilo waliache mlangoni pamoja na kofia zao, mtu ana ugonjwa wa akili kama mwingine alivyo na ugonjwa wa moyo.

Darasa lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 6 Aprili 1999 katika chuo cha polisi, likiwa na askari kumi na wanne, ambao tisa kati yao walikuwa wameletwa kama adhabu. Kanuni yake ya kwanza ndiyo iliyompa jina la Afande Sauti Moja, kwamba askari wawe watatu au wawe kumi, anayesema ni mmoja, anasema jambo moja, kisha anafunga mdomo na kusubiri, king'ora kimezimwa na redio zimepunguzwa. Mkuu wa chuo wa wakati huo alipita akasema hiki ni chuo cha polisi, si chekechea, na dada yetu, kwa heshima zote na saluti juu, akamwomba ajaribu zoezi dogo. Alimkalisha kwenye dawati, akaweka askari wawili wamnong'oneze kila mmoja sikio lake kupitia gazeti lililokunjwa, mmoja akimtukana na mwingine akimtisha, huku wa tatu akimwamuru kwa ukali aandike jina lake, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya kazi. Mkuu alitoka jasho, akaivunja kalamu, na mahali pa jina lake akaandika la mama mkwe wake. Siku iliyofuata alitia sahihi mafunzo yaongezwe kutoka siku moja hadi siku tano, na kwa kuwa ameketi hapa safu ya tatu na ameturuhusu tuliseme, tunamshukuru, na kicheko chake tunakisikia.

Kila mwaka dada yetu alikwenda kumjulia hali fundi, na kila mwaka alimwomba aje kuzungumza na askari, fundi akawa anamjibu kwamba cherehani haijamruhusu. Mwaka 2001 alikuja. Alichagua kiti cha karibu na mlango, akaieleza ile asubuhi yake kwa dakika sita, akauonyesha mkono, na darasa zima likainama, na tangu hapo hakukosa kozi hata moja kwa miaka kumi na minane. Hata hivyo hakuwahi kupanda gari la polisi, alikubali gari la dada yetu tu, lile dogo linalofunguliwa mlango kutokea nje, askari walipompa mkono aliwaitikia kwa kichwa, na nyumbani kwake alibandika ukutani namba ya simu ya dada yetu, akiwaambia wanawe kwamba ugonjwa ukimrudia wampigie huyo peke yake, na polisi wasiitwe hata nyumba ikiwaka moto. Neno la msamaha hakulitamka. Dada yetu alituambia mara nyingi kwamba hakumlaumu, ila alitamani siku moja mtu yule aweze kuugua bila kuogopa, hata yeye asipokuwepo.

Tarehe 22 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye walijuana kwa ugomvi, kila mmoja akidai mgonjwa ni wa gari lake, na shemeji akishikilia kwamba mgonjwa hapandi karandinga, hoja ambayo dada yetu alikuja kuifundisha darasani kana kwamba ni yake. Waliishi kwa upendo na kelele, maana kunyamaza kwa dada kulikuwa kwa kazini tu, na shemeji amekuwa akisema siku zote kwamba yeye alioa redio isiyo na kitufe cha kuzimia, na wiki hii ametuambia kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Walijaliwa watoto watatu, binti aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1992, ambaye ni muuguzi, na mapacha wa kiume waliozaliwa tarehe 30 Novemba 1996, mmoja fundi umeme na mwingine mwalimu, na ameacha wajukuu watatu, mdogo wao akiwa amerithi mdomo.

Alistaafu tarehe 9 Agosti 2019 akiwa na cheo cha inspekta, na daftari lake linaonyesha kwamba askari 1,162 walikuwa wamepita mikononi mwake. Mwezi wa Februari 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na hata hivyo kilichomsumbua zaidi haikuwa sindano, ilikuwa habari kwamba kozi imepunguzwa kuwa siku mbili. Alikuwa akisema siku mbili zinatosha kumfundisha mtu kuzima king'ora, hazitoshi kumfundisha kusubiri, na kwamba akiondoka yeye watarudi kulekule kwa kupiga kelele.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, ugonjwa ulimrudia fundi, na binti yake alipopiga namba ya ukutani haikupatikana, kwa kuwa dada yetu alikuwa kwenye mashine na simu iko kwenye droo ya muuguzi. Alipiga mara nne. Fundi alikuwa dukani, mkasi uko mkononi, amelowa jasho, anabishana na sauti zake, na katikati ya ubishi huo akamgeukia mwanawe akasema, "Basi, waite polisi." Binti alidhani hakusikia vizuri, baba yake akarudia.

Walikuja askari wawili, wa kike na wa kiume, ambao dada yetu hakuwafundisha, walifundishwa na waliofundishwa naye. Gari waliliacha kwenye kona, wakaingia kofia ziko kwapani, yule wa kike akajitambulisha, akamwomba fundi auweke mkasi juu ya cherehani akiwa tayari, kisha akanyamaza. Fundi alijibu kwamba ana pindo la suruali ya mteja na haachi kazi ya watu njiani, na askari wale wakakaa chini wakasubiri pindo, dakika hamsini kamili, yule wa kiume akiwa amepewa ncha ya kitambaa aishike. Lilipokwisha fundi aliuweka mkasi, akauliza gari liko wapi, akalifuata kwa miguu yake mwenyewe, akapanda.

Wiki tatu baadaye, fundi akiwa amepata nafuu, muuguzi alimvusha kutoka jengo la wagonjwa wa akili alikolazwa hadi wodi ya dada yetu, na sisi tuliokuwepo tulitarajia maneno mazito, lakini fundi aliketi, akalalamika kwa kirefu kwamba askari wa siku hizi hawajui kushika kitambaa, kwamba kijana yule amempindishia pindo na mteja amelirudisha. Dada yetu alicheka mpaka mashine ikalia na wauguzi wakaja mbio, halafu akalia yeye, na fundi akamshika mkono kwa ule mkono wake uliopinda. Alipoondoka, dada alitugeukia akasema, "Haya, sasa niacheni niumwe kwa raha zangu."

Aliumwa hivyo kwa miezi mitano, akitania madaktari na kusahihisha karatasi hii, na siku ya Jumapili, tarehe 8 Septemba 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, shemeji akiwa amemshika mguu na binti akiwa kichwani, alivuta pumzi yake ya mwisho akiwa na umri wa miaka sitini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia mgonjwa aliyewafundisha kazi yao, majirani waliopika, waliofagia na waliokesha nasi, wauguzi wa wodi za wagonjwa wa akili waliompokea zamani akiwa hajui lolote, na askari wenzake wa vyeo vyote, ambao leo mmeingia uani hapa bila king'ora hata kimoja, tumeliona hilo. Tunawashukuru kwa namna ya pekee wale askari wawili wa tarehe 14 Machi, ambao hawakumjua, na walimpa dada yetu kitu ambacho sisi ndugu zake hatukuweza kumpa.

Na fundi, tunakushukuru kwa subira yako. Umetuomba jambo moja, uwe miongoni mwa watakaombeba, na ukaomba ubebe pamoja na askari, basi nafasi yako ni ya mbele, kushoto, upande wa mkono wako mzima, na aliyepangwa kulia kwako amevaa sare.

Dada, tumesoma yote na hatujaruka kitu. Pumzika kwa amani.