Msasa Kwanza

Treni ya asubuhi ilikuwa haijafika mbali, na fundi rangi alikuwa ameshamwonyesha mama aliyeketi kando yake chupa ya vidonge vya vitamini.

"Binti yangu kaniletea. Vinakinga moyo usiliwe na kutu. Mimi kazi yangu mageti, mama, kutu naijua. Ukishapaka rangi ya kuzuia kutu, umemaliza. Dawa za hospitali nimeziweka kando."

Mama yule alikuwa mpishi wa shule, mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria. "Mume wangu naye anaumwa moyo. Daktari alituambia vitamini hizo hazishiki nafasi ya dawa. Hebu niambie, baba, geti likishaingia kutu, unapaka tu juu yake?"

Fundi akacheka. Hapo aliulizwa jambo la kazi yake. "Nani apake juu ya kutu? Unapiga msasa kwanza mpaka chuma king'ae. Bila hivyo, mvua ya kwanza tu rangi inabanduka."

"Na dawa ulizoziweka kando, je? Si ndiyo msasa wa moyo wako?"

Fundi akaigeuzageuza chupa ya vidonge mkononi. Chupa aliiona nyepesi ghafla.

"Mume wangu alikuwa hapandi ngazi bila kupumzika," mama akasema taratibu. "Sasa anameza dawa za daktari kila siku, na jana kaniacha nyuma ngazini na kapu langu."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa vituo viwili mbele, akabeba ndoo yake ya rangi, akaelekea mlangoni.

"Sijasema umenishinda. Nakwenda kuuliza tu."

"Nenda, baba. Kazi yako ya rangi utaikuta."