Des Polkinghorne na Gari Lililochemsha Nje ya Mji

Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, Desmond Polkinghorne, fundi wa tawi letu la Ceduna, mji mdogo wa pwani ya Australia Kusini, anastaafu baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na minne. Kuliita tawi ni kulipamba. Ni karakana moja, lifti moja ya kuinulia magari, na Des. Sisi wengine tuko Adelaide, mwendo wa kutwa nzima barabarani, na wengi wetu tunamjua kwa sauti tu.

Mimi ni Rhonda Lutze wa stoo ya vipuri. Kila asubuhi Des hunipigia simu kuagiza vipuri, na asipokuwa na cha kuagiza hupiga vilevile. "Rhonda, mvua imenyesha huko kwenu?" Ataniuliza hivyo hata Januari, jua likitukaanga sote.

Mkewe, Lorna, alipougua aliletwa Adelaide kwa ndege ya wagonjwa, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Des alimzika Ceduna, na tangu siku hiyo hakuvuka tena kibao cha mwisho wa mji. Kila tulipomwalika kwenye sherehe ya Krismasi, alikuwa na gia boksi ya kushusha.

Ametengeneza matrekta, malori ya wafuga chaza, na kila kilichowaharibikia wasafiri. Kazi yake ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya kiangazi cha mwaka juzi. Mwalimu mmoja mstaafu, Thea Karantonis, aliwasili akiwa ndani ya gari la kuvuta, nyuma yake gari jekundu la spoti likitoa mvuke. Lilikuwa la kaka yake, aliyelazwa hospitalini Esperance, mwendo wa siku mbili upande wa magharibi. Madaktari walikuwa wamemwambia ukweli wote, naye aliomba kitu kimoja: alisikie gari lake likinguruma tena.

"Injini imekufa?" Thea aliuliza.

"Haijafa, dada. Ina kiu. Tutafute maji yanakokwenda."

Magari ya aina ile injini huwa nyuma ya viti na rejeta iko puani, kwa hiyo maji ya kupozea husafiri ndani ya mabomba marefu chini ya sakafu. Des aliyapima kwa presha injini ikiwa baridi, na mshale haukutikisika. Alipima kama moshi wa silinda unaingia kwenye maji, hauingii. Feni na pampu vilikuwa sawa. Akabadilisha kifuniko cha maji kilicholegea, akajaza maji, akatoa hewa, akampungia Thea mkono.

Jioni gari la kuvuta lilimrudisha.

"Nimekosea," Des alimwambia. "Linavuja likiwa na joto na mbio, na upepo unayafuta matone. Hapa mjini tunakwenda mwendo wa kukimbiza kuku, hatutaona kitu."

"Basi kesho twende nje ya mji."

Des alifuta mikono kwa muda mrefu. "Nenda wewe. Mimi nitakusubiri hapa."

"Na nani atalala chini kuchungulia? Mimi? Hili ndilo gauni langu la mwisho lililo safi, Des. Utapanda."

Asubuhi Des alifungua bati la chini ya gari, akapanda. Walipopita kile kibao, alishika mpini wa mlango kwa nguvu.

"Unaogopa ninavyoendesha?"

"Unaendesha vibaya sana, ndiyo. Lakini si hilo."

Akamweleza habari za Lorna. Thea hakumpa pole. Alimuuliza Lorna alikuwa mtu wa namna gani, na Des aliongea mpaka karibu na Penong, kijiji kinachofuata, ambako mshale wa joto ulianza kupanda. Alimsimamisha, akajiburuta chini ya gari. Alisikia mfoko kabla ya kuona chochote, kisha ikaja ile harufu tamu ya maji ya kupozea. Juu ya kishikizo kimoja, kutu ilikuwa imelila bomba. Tundu lilifunguka kwa joto na kujifunga gari likipoa.

Gari la kuvuta liliwarudisha Ceduna, nami nikawatumia bomba kwa basi. Walipokuwa wakilisubiri, Thea alipika dengu kwenye jiko la Des, akamcheka kwa kuwa na sahani moja tu kabatini. Des alipomaliza kulifunga bomba, Thea akaondoka.

"Karakana imekuwa kubwa ghafla, Rhonda," Des aliniambia asubuhi iliyofuata. Hakuagiza kitu.

Thea alimkuta kaka yake hai. Wauguzi walimkalisha kwenye usukani akiwa na blanketi, nje ya hospitali, naye akakanyaga mafuta mpaka madirisha ya wodi yakajaa watu. Alifariki wiki hiyohiyo. Des alinisimulia yote haya kama Thea alivyomweleza, na hakuna kati yetu aliyekuwa na haraka ya kukata simu.

Krismasi ile bado hakuja. Lakini kila Jumapili huendesha gari hadi Penong, hunywa chai peke yake, hurudi.

Hatukupata mtu wa kumrithi. Karakana itafungwa na magari yatapelekwa Port Lincoln. Nilipomuuliza atafanya nini Jumatatu, alisema ataamka, halafu ataona.

Des, asante kwa kila gari uliloliwezesha kufika. Tunakutakia afya, kazi ndogondogo za kushughulisha mikono, na mtu wa kukugongea mlango asiye na gari bovu.