Mashine ya Tatu Ibaki Chumba cha Kufulia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa uliyeacha shughuli zako ukaja kutukatia utepe wa chumba kipya cha mashine; Daktari Mkuu; akina mama, akina baba na wachanga mlio mgongoni: sisi wafanyakazi wa hospitali hii na zahanati zake za pembezoni tunakusalimu kwa heshima. Tumeoga, tumepiga pasi, na tunakuomba masikio yako kabla mkasi haujafika kwenye utepe.

TULIKOTOKA

Zamani zahanati ikielemewa na mzazi, ilituma ujumbe kwenye kompyuta ya mapokezi, na mapokezi wakamwita dereva. Kompyuta ilikuwa moja tu. Dada wa mapokezi alilelewa kama sisi sote: ukiitwa unaitika kwanza, unachoitiwa utakijua mbele ya safari. Basi ujumbe ukilia, alibonyeza "nimepokea" ndipo asome. Siku moja alibonyeza, umeme ukakatika, mashine ikazimika na ujumbe tumboni. Kule zahanati nesi aliona jibu, akamwambia mzazi, "Tulia mama, gari linakuja."

Gari halikuwa linakuja. Mzazi yule alikuwa fundi cherehani, ndiye aliyeshona sare hizi tulizovaa mbele yako. Mtoto tulimpata. Mama hatukumpata.

Dada hatumlaumu. Kila mmoja wetu angeitika vilevile.

TULIPOFIKA

Fundi wa kompyuta, binti yetu wa hapahapa, alilia pamoja nasi, kisha akaingia kazini. Aliweka mashine tatu mahali patatu: mapokezi, stoo ya dawa na chumba cha kufulia, kila moja na waya wake wa umeme. Siku hizi zahanati haipewi jibu mpaka ujumbe uwe umeandikwa katika mashine mbili kati ya hizo. Moja ikifa, mbili zinaendelea. Jibu lisipofika, zahanati inatuma tena, na tena.

Mwanzoni huko kutuma tena kulitutia aibu. Tulipeleka magari matatu kwa mzazi mmoja, maskini akadhani amezaa mkubwa wa nchi. Fundi akaupa kila ujumbe namba yake, ukirudiwa mashine zinajua ni uleule.

Mashine ya chumba cha kufulia inalindwa na mama mmoja tunayemwita Bibi Kiti, kwa kuwa kazi yake ni kukaa. Mapokezi pakinyamaza, yeye ndiye anayemwita dereva. Bomba la maji lilipopasuka juu ya mapokezi, mashine ya pale ilikunywa maji mpaka ikafa. Sote tulikuwa tunaokoa viti, dereva naye kiti kichwani. Bibi Kiti akakatiza uani, viatu mkononi.

"Wewe, tua hicho kiti. Kuna mzazi zahanati ya juu."

"Bibi Kiti, leo umesimama?"

"Nimesimama. Wewe sasa ukakae. Kwenye gari."

Mzazi huyo yuko nasi leo, safu ya dirishani, na mwanawe anayekutolea ulimi.

KINACHOTUKOSESHA USINGIZI

Ulipotutembelea mara ya kwanza, ulipita chumba cha kufulia ukamkuta Bibi Kiti amefumba macho. Ukauliza, "Huyu anafanya nini?"

Matroni akajibu, "Anasubiri, Mheshimiwa."

"Anasubiri nini?"

"Mashine ya wenzake iharibike."

Ulicheka. Nasi tukacheka, maana mkubwa akicheka peke yake si vizuri. Baadaye likaja agizo: mashine zote tatu ziwekwe pamoja katika chumba hiki kipya, na Bibi Kiti akapumzike kwao.

Kusinzia anasinzia, hatukufichi. Lakini mashine ikilia anaamka. Tulimjaribu, na aliyemjaribu alipata maneno yake.

Chumba ni kizuri, Mheshimiwa, kina vigae na kiyoyozi, na ahsante tunaitoa kwa moyo. Ila ni paa moja, waya mmoja, mlango mmoja. Tulimuuliza fundi. Alisema kwa upole, "Bomba likipasuka humo, halitachagua." Usiku ule hatukulala.

OMBI

Tunalo moja. Mashine moja iingie humu ing'are. Ya stoo ibaki stoo. Ya tatu ibaki chumba cha kufulia, na Bibi Kiti abaki nayo. Nafasi itakayosalia wapewe wazazi wanaosubiri zamu, wao ndio wenye joto.

Tunaomba utamke leo, kabla ya mkasi, kwa sababu mkokoteni wa kuhamishia umeshafika mlangoni pa chumba cha kufulia. Tumemwambia mwenye mkokoteni asubiri kidogo.

Mheshimiwa, kiti kitupu hapo mbele si dharau. Tulimsihi Bibi Kiti mwenyewe aje akupe mkono. Akatuuliza, "Tukienda wote, huku amebaki nani?"

Mungu akulinde njiani, akulindie na wanaokungoja nyumbani.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Hospitali na Zahanati za Pembezoni